Tangazo Bila Mkalimani

Kabla ya redio, Nyangwine alikuwa mkalimani wa kanisa. Alianza kazi hiyo akiwa darasa la tano, mwaka ambao mchungaji mpya aliyetoka mbali aligundua kwamba nusu ya waumini wake wa Nyamwaga, hasa akina mama wazee, walikuwa wanaitikia amina bila kujua wanaitikia nini. Akamsimamisha Nyangwine kando ya mimbari. Mchungaji anasema sentensi moja kwa Kiswahili, ananyamaza. Nyangwine anaisema kwa Kikurya, ananyamaza. Mchungaji anaendelea. Wachungaji walikuja na kuhamishwa, yeye akabaki pale pale, miaka thelathini na mitatu.

Mama yake, Bhoke, alikaa benchi la pili upande wa wanawake. Mchungaji alipokuwa akisema, Bhoke alirekebisha kitenge chake, alikohoa, aliangalia nani amekuja na nani hakuja. Mwanawe alipofungua mdomo, alitulia tuli. Hakuona ajabu yoyote katika hilo. Kwake yeye na kwa wazee wenzake, maneno ya watu wakubwa yalikuja mara mbili siku zote, kanisani na hata kwenye mikutano ya kijiji. Mara ya kwanza unangoja, mara ya pili unasikia.

Ndiyo maana Nyangwine alipomnunulia redio ndogo ya sola, aliisikiliza wiki moja tu, akataka kumrudishia.

"Mura, chukua kitu chako," alimwambia. Alimwita mura, kijana, ingawa ndevu za Nyangwine zilikuwa zimeanza mvi. "Inasema mara moja tu, halafu inapiga muziki. Inaongea na watu wengine hii."

"Mama, mimi nitajenga inayoongea na wewe."

Bhoke alicheka mpaka akashika ubavu. Lakini redio aliitundika kwenye msumari karibu na mlango, akangoja.

Alingoja miaka minne. Kwanza kilikuwa kilima. Kilima pekee kinachotazama vitongoji vyote vya bondeni kilikuwa malisho ya koo mbili, na kila ukoo ulitaka mnara usimame upande wake, au usisimame kabisa. Mazungumzo hayo yalikula mwaka mzima. Mnara wa kwanza, wa miti ya mkaratusi, uliangushwa na upepo wa Machi. Wa pili, wa chuma, ulipigwa radi kabla haujafungwa waya wa ardhini, na watu wakasema Mungu mwenyewe amekataa. Nyangwine alifunga na kuomba siku tatu. Siku ya nne akachukua sururu, akaenda kuchimba shimo la waya wa ardhini kwa mikono yake.

Fundi wao alikuwa Odongo, Mjaluo wa upande wa Sirari aliyejifunza mitambo kwa mjomba wake huko Kenya. Odongo ndiye aliyegeuza kontena kuukuu kuwa studio, akabandika trei za mayai kuta zote ili sauti isirudi. Jua likiwaka, kontena lilikuwa tanuri. Mvua ikinyesha juu ya bati lile, mtu hakusikia hata sauti yake mwenyewe.

Halafu zilikuja fomu. Mwenyekiti wa kamati ya redio, Mwalimu Elieth, mama aliyestaafu ualimu na ambaye hakuwahi kupoteza karatasi maishani mwake, ndiye aliyezijaza. Zikarudi. Akazijaza tena. Siku walipoitwa Bomani kupokea masharti ya kibali cha majaribio, Nyangwine alisoma ukurasa kwa ukurasa, kidole kikifuata mistari, mpaka akafika palipoandikwa kwamba matangazo yote yatakuwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Alirudia pale mara mbili.

"Mwalimu, umeliona hili?"

"Nimeliona tangu mwaka wa kwanza."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungejenga?"

 Nyangwine alichukua kalamu, akatia sahihi. Jioni ile alipita kwa mama yake, akamkuta anapepeta mtama uani.

"Utaanza lini kuongea?" Bhoke aliuliza.

"Karibuni, Mama."

Hakusema ataongea kwa lugha gani. Na mama hakuuliza, kwa sababu lilikuwa jambo ambalo halikuhitaji kuulizwa.

Majaribio yalikuwa ya wiki sita. Mtambo wao mdogo wa wati hamsini uliruhusiwa kupiga nyimbo na kutaja jina la kituo, basi. Kila kilichokwenda hewani kilirekodiwa kwenye kompyuta, na mwishoni mkaguzi angekuja kutoka Mwanza kusikiliza rekodi hizo kabla ya kutoa leseni. "Na msijidanganye," Elieth aliwaambia. "Wanaweza kuwa wanatusikiliza saa yoyote, wakiwa huko huko waliko."

Wiki ya kwanza Nyangwine alikwenda kwa mama yake, akazungusha kitufe cha redio mpaka kwaya ikasikika bila mikwaruzo. Akaweka nukta ya rangi nyekundu ya kucha mahali pale, rangi aliyoiomba kwa mke wake. "Usiguse tena hapa," alisema. Tangu hapo Bhoke alisikiliza kwaya kutwa nzima. Sauti iliyotaja jina la kituo ilikuwa ya Elieth.

"Na wewe je?" aliuliza mama kila walipoonana kanisani.

"Siku yangu inakuja."

Siku yake ilikuja Jumamosi ya wiki ya nne.

Saa tatu asubuhi afisa mifugo, Christina, alipanda kilima kwa pikipiki, akaingia ndani ya kontena na kofia kichwani.

"Kimeta," alisema, hata salamu hakutoa. "Ng'ombe watatu wamekufa ghafla huko bondeni. Damu inatoka puani na haigandi. Mmoja tumemkuta, tumemchoma na kumfukia. Wawili hatujui walipo."

"Hamjui walipo, maana yake nini?" Elieth aliuliza.

"Maana yake wako vyunguni, Mwalimu. Unawajua watu wetu."

Waliwajua. Mtu akifiwa na ng'ombe, nyama hugawiwa majirani ili hasara ile isimlalie yeye peke yake, na jirani anayekataa fungu lake anaonekana amefurahia. Hakuna anayetaka kuonekana hivyo. Wala kumwambia mtu aitupe nyama haikuwa kazi ndogo. Ilihitaji sauti ambayo watu wanaiamini.

"Nina watu wawili na pikipiki moja," Christina alisema. "Kule bondeni simu hazishiki. Ninyi mna mnara."

"Tumeruhusiwa muziki tu," Elieth alisema.

Christina alitoa karatasi, akaandika barua ya mkono akiwa amesimama, akagonga muhuri juu ya meza ya mtambo. "Ni dharura. Mimi nimeandika na nimetia sahihi. Mkiulizwa, niiteni."

Elieth aliisoma barua mpaka mwisho, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye faili. "Sawa. Itasomwa. Lakini kwa Kiswahili."

Odongo aliweka chini bisibisi yake. "Mwalimu, leo ni siku ya mnada. Kila anayejua Kiswahili kule bondeni yuko mnadani. Waliobaki nyumbani ni hao akina nyanya. Mwache Nyangwine awasomee kwa lugha yao, dakika mbili tu. Nani atakufa?"

"Kituo kitakufa," Elieth alisema. "Barua hii inaruhusu tangazo. Hairuhusu lugha. Zimebaki wiki mbili, Odongo. Tumelala juu ya kilima hiki na mvua, tumegombana na koo mbili, halafu tuje tukitupe kwa dakika mbili?"

Kisha wote watatu wakamtazama Nyangwine, kwa sababu sauti ilikuwa yake.

Nyangwine aliinamisha kichwa akaomba. Aliomba kweli, kama alivyozoea kuomba kabla ya kupanda mimbarini. Bwana, nionyeshe. Akasikia utulivu fulani moyoni, akauchukua kuwa ndilo jibu. Siku zilizofuata alijiuliza mara nyingi kama utulivu ule ulitoka kwa Mungu, au ilikuwa hofu yake tu iliyofurahi kupata pa kukaa.

"Nitasoma kwa Kiswahili," alisema. "Kiswahili chepesi, polepole. Wataelewa."

"Basi nipe pikipiki yako niende kwa mama yako," Odongo alisema. "Niwaambie kwa mdomo, yeye na majirani. Kikurya changu ni cha kuombea maji, lakini 'usile' naijua."

"Na mtambo ukizima ataurudisha nani? Mama anayo redio, Odongo. Tumeijenga ya nini?"

Odongo alimtazama kidogo, akaokota bisibisi yake.

Saa nne kamili Nyangwine alivuta kipaza sauti. Elieth alikata kwaya.

"Ndugu wasikilizaji, hili ni tangazo la dharura kutoka kwa afisa mifugo. Umeingia ugonjwa wa kimeta. Ng'ombe aliyekufa mwenyewe, usimchune. Nyama yake usile. Damu yake usiiguse. Kama umekwisha kula, nenda zahanati leo hii. Usingoje."

Alisoma vizuri. Lakini mwisho wa kila sentensi alinyamaza, kwa mazoea ya miaka thelathini na mitatu, na kila aliponyamaza Kikurya kilimjia kimekamilika, kikakaa kwenye ncha ya ulimi. Alikimeza, akasoma sentensi inayofuata. Alirudia tangazo saa tano, saa sita na saa saba. Aliporudi kukaa, shati lilikuwa limemgandia mgongoni kwa jasho, na Elieth akamshika bega. "Umefanya kazi ya Mungu leo," alimwambia. Nyangwine aliamini.

Yaliyotokea nyumbani kwa mama yake aliyajua baadaye, kipande kwa kipande, kutoka kwa wanawake waliokuwepo.

Mmoja wa wale ng'ombe wawili alikuwa wa Kisyeri, jirani wa Bhoke. Alianguka Ijumaa jioni, na asubuhi mke wa Kisyeri alimletea Bhoke fungu la mbavu kwenye jani la mgomba. Vidole vya Bhoke vilikuwa vimekakamaa kwa baridi yabisi, hivyo rafiki yake Wegesa, aliyeolewa mwaka mmoja naye na ambaye boma lake lilipakana na lake, alikuja kumkatia. Saa nne chungu kilikuwa kinatokota. Kwaya ikakatika, na sauti ya Nyangwine ikatoka kwenye kile kiboksi cha mlangoni.

Bhoke alipiga kigelegele kilichofika ng'ambo ya mto. "Ni yeye! Njooni! Ni Nyangwine wangu, yumo humu!"

Wakaja, wanawake watano, mmoja na unga bado mikononi, na mke wa Kisyeri mwenyewe miongoni mwao. Tangazo la kwanza likawaponyoka kwa vigelegele. Bhoke akasema hakuna mtu wa kuondoka, atasema tena, huyu si mtu wa kusema mara moja. Na mama hawezi kumsikia mwanawe redioni kwa mara ya kwanza halafu wageni waondoke na mikono mitupu. Akafunua chungu.

Saa tano sauti ikarudi. Safari hii walinyamaza.

"Anasema nini?" mwenye unga aliuliza.

"Hiyo ni ya serikali, ngoja kwanza," Bhoke alisema. "Ikiisha anakuja kwetu. Humjui Nyangwine? Hajawahi kuliacha neno njiani."

"Mimi nimesikia ng'ombe," Wegesa alisema huku anatafuna. "Na nyama nimesikia."

"Amenusa chungu changu kutoka kule kilimani!"

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Kila Nyangwine aliponyamaza, Bhoke aliinua mkono. "Sasa. Sasa hivi." Wote walitulia, vipande vya nyama mikononi, macho kwenye redio. Kisha kikatoka Kiswahili kingine, naye akaushusha mkono. Halafu kwaya ikaimba.

"Labda saa ijayo," alisema. Na Wegesa akaongeza ugali.

Hadi vijana waliporudi kutoka mnadani, walikosikia habari za kimeta, chungu kilikuwa kimeoshwa, na kila aliyekula alijiona mzima.

Jumatatu Wegesa alishikwa na homa. Kidole alichojikata wakati wa kukata mbavu kilivimba, mkono ukafuata. Jumatano alifia hospitalini. Mke wa Kisyeri, aliyewagawia majirani, alitapika damu na kufa Ijumaa. Wengine waliugua wakapona. Bhoke alitokewa na kidonda mkononi, kikavu na cheusi kama kipande cha mkaa, akalazwa akidungwa sindano asubuhi na jioni.

Mkaguzi alikuja Jumanne iliyofuata. Nyangwine alikuwa ametoka kwenye maziko mawili kwa siku tatu, na udongo mwekundu ulikuwa bado kwenye viatu vyake. Mkaguzi alikuwa mtu mpole, mwenye kusikiliza. Alipima mtambo, akakagua waya wa ardhini, akausifu. Kisha akavaa vifaa vya kusikilizia, akasikiliza rekodi za wiki zote, akirukaruka, mpaka akafika Jumamosi ile. Hapo hakuruka.

"Hii ndiyo redio ya jamii," alisema, akivua vifaa. "Barua ipo, muhuri upo. Kiswahili safi kabisa. Na hizi nafasi ulizoziacha kati ya sentensi ni nzuri sana, msikilizaji anapata kutafakari."

Odongo alitoka nje ya kontena.

"Naomba kuuliza," Nyangwine alisema. "Kama ningesoma kwa Kikurya siku ile, ingekuwaje?"

Mkaguzi alifikiri. Alionekana mtu asiyependa kudanganya. "Ningeikuta leo kwenye rekodi, ningeiandika kwenye taarifa. Labda mngepata barua ya onyo. Labda mngefungiwa. Sijui, ndugu yangu. Siku ile yenyewe ilikuwa Jumamosi, hakuna mtu aliyekuwa anawasikiliza."

Alipoondoka, karatasi ya kuwapitisha ilikuwa mezani, imetiwa sahihi. Elieth hakuigusa. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha mtangazaji, miwani mkononi, machozi yanadondoka juu ya masharti aliyoyajua kwa moyo.

"Mimi ndiye niliyekuzuia," alisema.

"Hapana, Mwalimu. Kipaza sauti kilikuwa mbele ya mdomo wangu, si wako."

Akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni mwa shati kwa sababu hakujua pa kuiweka, akaenda hospitalini.

Wodi ya wanawake ilikuwa imejaa. Bhoke alikuwa amelala chali, mkono wake wenye bandeji juu ya mto. Amekonda, lakini macho yalikuwa yale yale ya benchi la pili.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa hapa." Alingoja akae. "Wajukuu wamenichosha. Wanasema siku ile ulikuwa unatukataza nyama. Nimewagombeza. Nimewaambia ninyi ni waongo, Nyangwine hawezi kujua jambo kama hilo akalisema nusu. Sisi tulikaa pale tunangoja sehemu yetu. Wegesa alingoja. Haikuja." Alivuta pumzi. "Nikawaambia ni ule mtambo, ulikatika. Si mashine tu? Mashine hukatika. Ulikatika, mura?"

Aliuliza kwa sauti ya chini, na Nyangwine akaona kwamba mama yake amemfungulia mlango na ameushikilia ili apite. Neno moja tu lilitosha. Naye Bhoke angelichukua, angelibeba mpaka kwa majirani, kwa watoto wa Wegesa na kwa Kisyeri, na wote wangeliamini, kwa kuwa walikuwa wameiona radi ikiupiga mnara.

Aliomba kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Safari hii hakungoja utulivu.

"Haukukatika, Mama. Ulikuwa mzima. Niliogopa kunyang'anywa redio."

 Muuguzi alipita na ndoo, akarudi.

"Basi niambie sasa," Bhoke alisema hatimaye. "Sehemu yetu ilikuwa inasemaje?"

Nyangwine alisimama. Hakujua kulisema akiwa amekaa. Alisimama kando ya kitanda kama alivyosimama kando ya mimbari, mikono nyuma, akalisema tangazo lote kwa Kikurya. Umeingia ugonjwa wa kimeta, alisema, akanyamaza. Ng'ombe aliyekufa mwenyewe, usimchune. Nyama yake usile. Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotaka, na bibi wazee kwenye vitanda vingine waligeuza vichwa, mmoja baada ya mwingine, wakatulia. Damu yake usiiguse. Bhoke alimtazama usoni bila kupepesa, kama alivyomtazama kila Jumapili. Kama umekwisha kula, nenda zahanati leo hii.

Alikwama hapo. Mama yake alingoja.

"Usingoje," alimalizia.

"Amina," aliitikia bibi wa kitanda cha pili, aliyedhani ni mahubiri.

Bhoke hakuitikia. Aliugeuza uso ukutani, akauvuta mkono wake mbovu taratibu, akaulaza kifuani.